Ribiti, Ruzuku na Karatasi ya Tainara

Montreal, 5 Novemba 2000

Kaka Valdecir,

Salamu zikufikie wewe, mama na Tainara wangu. Mimi mzima, ila pua ndiyo haitaki kuizoea baridi. Theluji bado haijaanguka, lakini wenyeji wameshaanza kuizungumzia kama mgeni wasiyempenda. Miguu ya mama inaendeleaje? Mwambie aache kuosha baraza kwa ndoo kila siku, baraza haitakimbia. Na Tainara, meno ya mbele yameota? Kwenye picha mliyonitumia amefunga mdomo kama anaficha peremende.

Kazi inaendelea. Bado niko kwenye mabawa ya ndege, kazi ileile tuliyofanya mimi na wewe miaka sita kiwandani kwetu, wewe na bunduki ya ribiti, ile misumari ya kuunga mabati, mbele, mimi na kipande cha chuma nyuma ya bati. Hapa mwenzangu ni mama mmoja wa Haiti, na yeye anajua kugonga ishara: mara moja, piga tena, mara mbili, imekaa, mara tatu, ng'oa, imeharibika. Ni lugha pekee ya nchi hii ambayo sikuhitaji kujifunza upya.

Msimamizi wetu, Réjean, hunitania kila asubuhi. "Ivonete, ndugu zako Wabrazili wanauzaje ndege kwa bei ya baiskeli? Serikali yenu inalipa nusu, siyo?" Mimi namjibu kwamba serikali yetu haijawahi kunilipia hata nusu ya mkate. Anacheka mpaka anashika kiuno. Lakini kusema kweli sijui, kaka. Labda inalipa. Wewe uko huko, niambie.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita waziri alikuja kiwandani. Hakuja na waandishi wa habari, alikuja na watu wawili wenye makoti mazuri, wakajifungia ofisini. Baadaye Réjean alituita kantini akasema kwa sauti ya chini kwamba serikali itayakopesha mashirika ya ndege fedha za kununulia ndege zetu, kwa riba ndogo kuliko benki yoyote. Akasema tusiyatoe nje kwanza. Maana yake kazi ipo ya miaka, na sisi wa mkataba wa muda tutaajiriwa rasmi mwezi wa tatu. Nikiajiriwa rasmi, uhamiaji watakubali nimlete mtoto wangu. Nimeisoma barua yao mara nne, na mara zote nne inasema hivyohivyo.

Kwa hiyo, kaka, ile karatasi. Mahakama ilikupa wewe ulezi wa Tainara nilipoondoka, na bila saini yako hapandi ndege. Nenda ofisi ya wathibitishaji, usaini mbele ya karani, wagonge muhuri wao, unitumie. Inatakiwa inifikie kabla Machi haijaisha. Ni kazi ya asubuhi moja tu.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Ivonete

São José dos Campos, 26 Novemba 2000

Mdogo wangu Nete,

Sote wazima huku, joto tu. Barua yako ilifika Alhamisi, nikaisoma Jumapili wakati wa nyama. Unamjua mama, barua haifunguliwi siku ya kazi na haisomwi kwa minong'ono. Kusoma hajui, lakini kusikiliza anajua. Niliporuka ule mstari wa baraza na ndoo, kwa kumwonea huruma tu, alisema palepale, "Umeruka. Rudi." Walikuwepo dona Cidinha wa ng'ambo ya barabara na Laércio, yule anayechapisha kijigazeti cha mtaa. Walikula nyama yetu wakakusikiliza wewe kama tamthilia ya saa mbili. Nilipofika kwa waziri, Laércio aliacha kutafuna. "Hebu rudia hapo, Valdecir." Nikarudia.

Swali lako nimemuuliza mkuu wa zamu. Nimemuuliza kama ni kweli serikali yetu inalipa nusu. Akasema siyo nusu, na siyo kulipa, inasawazisha. Inasawazisha nini? Akasema benki zao zinakopesha kwa riba ndogo na zetu kwa riba ya kunyonga mtu, basi mteja akinunua ndege yetu serikali inaziba hilo pengo. Nikamuuliza kama hiyo siyo ruzuku. Akanitazama. "Valdecir, wewe piga ribiti." Kwa hiyo nilivyoelewa mimi, wao wakikopesha ni ruzuku, sisi tukiziba pengo ni haki. Halafu nikafikiria kwamba huko kwenu lazima kuna mkuu wa zamu anayesema hayohayo kwa kuyageuza. Kichwa kikaanza kuuma, nikaenda kupiga ribiti.

Meno yameota, mawili, yote makubwa kuliko uso. Siku hizi ni golikipa, anacheza na wavulana wa mtaa wa nyuma na anatukana kama dereva wa lori, na mama anajifanya hasikii. Asubuhi hanywi maziwa mpaka niyamimine mimi. Akiyamimina bibi yake anasema yana ladha nyingine. Hesabu amepata tisa, Kireno saba, tabia hawakuandika.

Kuhusu karatasi, nilikwenda. Foleni ilikuwa imetoka nje hadi kwenye duka la viatu. Nitarudi.

Kaka yako,
Valdecir

Montreal, 17 Desemba 2000

Kaka Valdecir,

Nawatakia Krismasi njema nyote. Theluji imekuja, imenifika magotini, na nimeanguka mara mbili mbele ya kanisa. Mara ya pili padre alinipigia makofi.

Nimecheka kuhusu Laércio, halafu nikaacha kucheka. Kwa nini alitaka urudie? Kaka, yale ya waziri tuliambiwa tusiyatoe. Kumsomea mama ni sawa, yeye ni mama. Laércio ale nyama akalale.

Huku kuna sherehe nisiyoielewa. Walituita kantini, wakaleta keki yenye umbo la ndege, wakatangaza kwamba tumeshinda kesi ya ruzuku za ndege huko Geneva. Lile shirika la biashara la dunia limesema Brazili inaendelea kukosea na Kanada inaruhusiwa kuiadhibu. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga, mkono unapiga wenyewe wenzako wakipiga. Nikapewa kipande cha mkia. Nikamuuliza Réjean, "Si walisema na sisi tulikosea?" Akasema hayo yalikuwa mengine, ya zamani. Kisha nikapita kwa Mreno anayeuza magazeti ya kwetu, nikasoma kwamba ninyi ndio mmeshinda. Tarehe ni zilezile, Geneva ni ileile. Nimerudi nyumbani na mkia wa keki kwenye leso, sijui nifurahi au nihuzunike, na kama ni kuhuzunika, nihuzunike kwa upande gani. Nikaula.

Nimemtumia Tainara viatu vya theluji. Ni vikubwa kidogo kwa sasa, nimenunua namba itakayomfaa akiwa huku.

Hujaniambia kama ulirudi kwenye ile ofisi. Nenda asubuhi mapema, foleni inakuwa fupi.

Ivonete wenu

São José dos Campos, 21 Januari 2001

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Krismasi ilipita vizuri, mama alipika kuku wawili akalalamika kwamba hatukula, na tulikula wote wawili. Mvua inanyesha kila alasiri. Viatu vilifika. Tainara alivivaa siku hiyohiyo, joto la nyuzi thelathini na tatu, akazunguka navyo nyumbani siku nzima mpaka miguu ikavimba. Nilipomwambia avue alisema anajizoeza.

Kuhusu keki, hapa pia tumeshinda. Sisi tulipewa soda.

Ofisi ya wathibitishaji ilifungwa kwa sikukuu, halafu karani wa mambo ya watoto yuko likizo, halafu mimi nimehamishiwa idara nyingine. Sipigi ribiti tena, nafundisha wapya. Saa zimebadilika, kwa hiyo asubuhi sipati nafasi. Usiwe na wasiwasi, Machi bado mbali.

Eti huko kwenu watu wanasoma magazeti ya kwetu? Simaanishi huyo Mreno wako. Namaanisha watu wa kiwandani, wakubwa. Nauliza tu.

Mama anasema ule.

Valdecir

Montreal, 11 Februari 2001

Kaka,

Msalimie mama na umbusu Tainara. Mimi siyo mzima sana, na leo sina maneno mengi ya salamu.

Jumatatu niliitwa ofisini. Mezani palikuwa na gazeti la kwetu, la mji mzima, siyo kijigazeti cha Laércio, ingawa chini waliandika kwamba wameitoa huko. "Mbrazili aliye ndani ya kiwanda cha Kanada afichua mkopo wa siri." Jina langu halikuwepo. Waziri alikuwepo, makoti mazuri yalikuwepo, kantini ilikuwepo. Wakubwa walikuwa wametafsiriwa kila neno. Kisha Réjean, ambaye alikuwa amekaa pembeni, akanyoosha kidole kwenye mstari mmoja. "Serikali yetu haijawahi kunilipia hata nusu ya mkate." Akasema taratibu, "Hili uliniambia mimi, Ivonete. Nililicheka mimi." Ningeweza kumkabili yule mkubwa wa ofisi, lakini uso wa Réjean ulinishinda. Alikuwa kama mtu aliyemkaribisha mgeni sebuleni kisha akamkuta anapekua kabati.

Nimesimamishwa kazi. Ajira rasmi ya Machi imewekwa kando mpaka uchunguzi uishe. Bila ajira rasmi, unajua mwenyewe kinachofuata.

Na juu ya hayo, mwezi huu wamepiga marufuku nyama ya ng'ombe wa Brazili. Wanasema ni hofu ya ugonjwa. Mama wa Haiti alinipigia simu kuniuliza kama huko kwetu ng'ombe ni wagonjwa. Nikamwambia sijasikia. Akasema basi ni ndege. Kaka, wanaogombana ni watengeneza ndege na aliyefungiwa mlango ni ng'ombe. Kama kuna mtu anaelewa biashara hii aniandikie.

Lakini kuna jambo moja ninaloelewa. Mtu aliyesikia barua mara moja, tena mdomo umejaa nyama, hawezi kukumbuka maneno yote kama yalivyo. Laércio alikuwa na barua yangu mkononi. Nagonga mara tatu, Valdecir. Umesikia? Nani alimpa?

Ivonete

São José dos Campos, 4 Machi 2001

Mdogo wangu Nete,

Nimesikitika sana, kweli kabisa. Sikumwambia mama yote, nilimwambia umepewa mapumziko. Yeye ameacha kahawa kwa ajili ya Kwaresima na amekuwa mkali, hatumsogelei kabla ya saa nne.

Hapa mji ulichafuka kwa ajili ya ile nyama. Baa ya kona walimwaga wiski ya Kanada barabarani, ingawa ilikuwa chupa moja na ilikuwa imeshanywewa nusu. Muuza nyama wetu amebandika picha ya ng'ombe na chini yake ameandika, "Mimi mzima, mgonjwa ni nani?" Watu wanapanga foleni kununua nyama hata wasioihitaji, eti uzalendo. Dona Cidinha aliniuliza mbele za watu dada yangu yuko upande gani. Nikamwambia yuko upande wenye theluji. Sasa wamesema marufuku imeondolewa, na hakuna aliyetueleza iliwekwa kwa nini wala imeondolewa kwa nini.

Kuhusu barua, siku ile ilikuwa mezani. Unajua meza yetu ya Jumapili ilivyo, sahani huku, glasi kule, watu wanainuka na kukaa. Mtu anaweza kuchukua kitu. Laércio nimemgombeza, amesema alifanya kwa ajili ya nchi.

Tainara ameanza kujifunza maneno ya Kifaransa kwenye kitabu cha maktaba. Anajua kusema dirisha.

Kaka yako,
Valdecir

Montreal, 25 Machi 2001

Valdecir,

Barua hii usimsomee mama. Isome peke yako.

Kurasa mbili umeniandikia ng'ombe. Kuhusu barua yangu mistari michache, na hakuna jina ndani yake. "Mtu anaweza kuchukua kitu." Mtu gani? Tumefanya kazi miaka sita bila kuonana nyuso, bati likiwa katikati yetu, na nilijua mkono wako ukitetemeka hata kidogo. Nakusikia sasa.

Mwezi wa kwanza ulisema umehamishwa, unafundisha wapya. Watu wanasubiri nafasi hiyo miaka kumi. Hukusema ni nani aliyekupa wala kwa nini, na mimi kwa furaha ya viatu sikuuliza. Nauliza leo.

Na la pili. Karatasi nimekuomba tangu Novemba. Mara foleni, mara sikukuu, mara likizo, mara zamu. Uhamiaji wameniongezea muda hadi mwisho wa Julai, hawataongeza tena. Nimekaa chumbani wiki hizi nikiziweka barua zako zote kitandani, na kila nikizipanga zinasema kitu kilekile ambacho wewe hukukiandika. Kwa hiyo nijibu, kaka. Ulimpa Laércio barua ili nifukuzwe, nisiweze kumchukua mwanangu? Ulitaka nishindwe?

Ivonete

São José dos Campos, 22 Aprili 2001

Nete,

Barua yako ilifika wiki ya Pasaka. Jumapili yenyewe nilikuwa na zamu ya ziada. Mama akaona barua ipo, nyama ipo, Jumapili ni Jumapili, akamwambia Tainara asome yeye, sasa amekuwa mkubwa.

Alisoma yote. Alisoma hata "usimsomee mama", na mama akasema, "Endelea." Dona Cidinha alikuwepo. Nashukuru Laércio siku hizi hakaribishwi. Niliporudi walikuwa wamekaa vilevile, chakula kimepoa, na Tainara amekunja barua vizuri ameiweka kwenye sahani yangu. Hakulia. Aliniuliza kama anavyouliza kama kesho kuna shule. "Mjomba, ulitaka mama ashindwe?"

Nikamwambia sijui. Mama alitoka nje. Tangu siku hiyo nimejaribu kupata jibu lingine na bado sijui, kwa hiyo nakuandikia lilivyo.

Siku ile Laércio alisema, "Nipe niangalie ile sehemu ya waziri." Nikampa. Hakuichukua mezani, niliikunja mimi nikamkabidhi. Aliirudisha Jumanne. Mkono uliompa ni wangu, ndio huo uliokuwa ukiusikia nyuma ya bati. Nilijiambia ni kwa ajili ya kiwanda. Kila wiki walikuwa wanatuambia wenzenu wa Kanada wanawapokonya kazi kwa fedha za serikali, na mimi nilikuwa na ushahidi chini ya bakuli la unga wa muhogo. Nikaona ni wajibu. Lakini barua ilikuwa na waziri upande mmoja wa ukurasa, na upande wa pili ilisema uhamiaji watakubali nimlete mtoto wangu. Niliusoma mstari huo kwa sauti mbele ya watu na sauti yangu haikubadilika, na nilijisikia jinsi isivyobadilika. Ndipo nikampa. Sijui kama nilimpa kwa sababu ya waziri au kwa sababu ya mstari ule.

Idara mpya walinipa baada ya gazeti kutoka. Mkuu wa zamu alinipiga bega akasema familia yetu imeisaidia nchi. Sikuomba. Wala sikukataa.

Amekaa na mimi tangu ana miaka minne, Nete. Homa zake zote nimezikesha mimi. Hii siyo sababu, nakueleza tu. Nina aibu kubwa, na hata sasa ninapoandika karatasi iko kwenye droo haina saini, na siwezi kukudanganya kwamba ni foleni.

Valdecir

Montreal, 20 Mei 2001

Kaka Valdecir,

Msalimie mama. Mwambie najua kwamba anajua, na sikumkasirikia yeye wala msomaji wake.

Barua yako niliirarua. Halafu nikaiunga kwa gundi ya karatasi, kwa hiyo usishangae nikikosea neno, kuna mahali haisomeki.

Nina hasira, na hasira yangu haijapungua kwa sababu umesema kweli. Nilikuwa nimeandaa barua ndefu ya kukuambia wewe ni mtu gani. Lakini mambo mawili yametokea.

La kwanza, wamenirudisha kazini. Chama cha wafanyakazi cha hapa kilinitetea, kikasema ule mkopo ulishatangazwa redioni kabla ya Februari, siri iko wapi tena. Na oda zimekuja nyingi, mikono haitoshi. Zimekuja kwa sababu ya mkopo uleule. Mwezi huu nimesaini ajira rasmi. Réjean ananisalimia lakini hanitanii tena, na utani wake naukosa kuliko nilivyodhani. Kwa hiyo fikiria, kaka. Ruzuku ambayo wewe uliitangaza ili isimamishwe ndiyo imenirudisha kazini, na makelele dhidi ya ruzuku ndiyo yamekupandisha wewe cheo. Tumefaidika wote wawili na tumeumizana wote wawili, na huko Geneva hakuna aliyetukusudia. Nimejaribu kumwelezea mama wa Haiti. Alisema nianze tena mwanzo, nikashindwa kupata mwanzo uko wapi.

La pili ni langu. Sikuwahi kukuandikia hili. Mwaka tisini na tisa kulikuwa na nafasi. Kanisa hapa lilikuwa tayari kunidhamini, fomu nilikuwa nazo, ningeweza kumleta Tainara wakati ule. Niliziacha fomu zikapitwa na tarehe. Nilikuambia uhamiaji wamekataa. Hawakukataa. Nilimpigia simu siku yake ya kuzaliwa, akaongea na mimi dakika moja kwa adabu kama anaongea na mwalimu, kisha akasema, "Ngoja nimwite mjomba." Nikaogopa kwamba nitamleta huku na atakaa anamsubiri mtu mwingine. Kwa hiyo na mimi nina karatasi yangu niliyoiweka kwenye droo.

Sikusamehe leo. Lakini muulize mwenyewe anataka nini, umuulize vizuri, usimsaidie kujibu. Akisema hataki, uniandikie hivyo, nami nitajua la kufanya na moyo wangu. Akisema anataka, nenda ukasaini.

Ivonete

São José dos Campos, 24 Juni 2001

Mdogo wangu Ivonete,

Salamu kutoka kwa mama, ambaye leo ni Sikukuu ya Mtakatifu Yohana na amekataza mtu yeyote kugusa mahindi kabla ya misa. Miguu yake ni ileile. Baraza anaiosha.

Nilimuuliza Tainara kama ulivyosema, tukiwa wawili tu, tunarudi kutoka uwanjani. Alifikiri mpaka tukapita shule. Akauliza kama wewe unanuna ukifungwa goli. Nikasema sana. Akauliza kama bibi atakuja kumtembelea, nikasema tutamvuta. Kisha akauliza, "Nikiwa huko, mjomba, ndege zetu ni zipi?" Nete, mimi ni mwalimu wa wapya, kila siku nasimama mbele ya vijana thelathini nikiwaambia zetu ni zipi. Nikamwambia sijui. Akasema basi atazitazama zote. Tulipofika getini akasema, "Nataka kwenda," na akaingia ndani haraka asinione uso.

Ijumaa nilimwomba mkuu wa zamu ruhusa. Tulifika ofisi ya wathibitishaji saa mbili asubuhi, Tainara amevaa gauni la kanisani. Foleni haikuwepo. Tulikuwa watu watatu.

Karani alikuwa msichana mpole, anaandika na kuuliza bila kuinua macho. Jina langu, kitambulisho changu, jina la mtoto, tarehe aliyozaliwa. Nilijibu zote upesi. Kisha akauliza, "Uhusiano wako na mtoto?" Nilifungua mdomo. Mungu ananiona, neno lililokuja halikuwa langu kulisema, nikaufunga tena. Akarudia swali. Yule mtu wa nyuma yetu akaanza kujikohoza. Karani akainua macho akanitazama, kisha akamtazama Tainara.

Tainara akanishika kidole, akajibu yeye, "Ni mjomba wangu."

Karani akaandika hivyo, nami nikasaini chini yake. Karatasi imo humu ndani.

Valdecir